Manjanja bila karatasi: mradi ukifunga, nyumba inabaki ya nani?

Wandugu vijana, mama na baba zetu wa Goma na Nyiragongo,

Leo ni tarehe 22 Mei 2024. Miaka tatu imetimia tangu ile jioni ya siku ya posho wakati mbingu ya Goma iligeuka nyekundu. Kila mmoja wetu anakumbuka alikuwa wapi. Wengine walishika njia ya Gisenyi na mtoto mgongoni, wengine walipanda Sake usiku huo huo, wengine walibaki wanaangalia lava inashuka polepole kama uji mzito, inameza Buhene, inasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano nyuma yake, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartye kumi za mji zihame. Mji mzima ukatembea kwa miguu.

Kila mwaka tarehe hii tunasikia hotuba. Wakubwa wanasema wako pamoja na walioathirika, wanapiga picha, wanarudi mu jeep. Mwaka huu hatutaki kulia tu. Tunataka kuuliza swali moja, na tunaliuliza kwa watu wawili ambao kila siku wanakaa kwenye meza moja ya mkutano: leta yetu ya hapa chini, ni kusema meri, komine, sheferi na kartye, na mashirika yasiyo ya faida yanayojenga nyumba za watu maskini, ni kusema ma-ONG, makanisa na ma-asbl zetu.

Swali ni hili: ile nyumba mulijenga, ni ya nani?

Miezi sita iliyogeuka miaka tatu

Hatusemi kwamba hakuna kitu kilifanyika. Hapana, tuseme kweli. Wakati lava ilipoza, mashirika yalikuja mbio. Walileta bashi, misumari, mbao, manjanja. Walijenga vibanda, walichimba vyoo pale ambapo jiwe la volkano linavunja nyundo. Bila wao watu wengi wangelala nje mu mvua. Kwa hilo tunasema aksanti, na tunasema kwa roho safi.

Lakini kibanda cha dharura kinafanyiwa hesabu ya muda mfupi. Bashi haikutengenezwa ili mtoto azaliwe chini yake, aanze kutembea chini yake, na aanze kusoma chini yake. Njo maana ukienda upande wa Kanyaruchinya leo, unaona bashi zimepasuka zimeshonwa na kamba, zimeongezwa na gunia, na juu ya gunia kipande cha nguo. Na mu mwisho wa mwaka 2022 wakimbizi wa vita vya Rutshuru na Nyiragongo walifika pale pale, juu ya wale wa volkano. Mateso mawili yakakaa kwenye jiwe moja. Kisha Bulengo ikajaa, Lushagala ikajaa, Rusayo ikajaa. Mu mwezi wa 10 mwaka 2023 shirika la kimataifa la uhamiaji lilihesabu watu milioni 6,9 waliohama ndani ya Kongo. Na tarehe 3 ya mwezi huu wa tano, mabomu yalianguka juu ya kambi upande wa Mugunga na kuua watu waliokuwa wamekimbia mabomu. Bashi haizuie bomu. Haizuie hata mvua.

Tulikaa na mama mmoja aliyepoteza nyumba yake mu 2021. Ilikuwa nyumba ya mbao, vyumba vinne, alijenga kidogo kidogo na pesa ya kuuza mboga. Shirika moja lilimpatia kibanda. Alifurahi. Mwaka wa pili, mtu alifika na karatasi mkononi, akamwambia: kiwanja hiki ni cha baba yangu, tuliazima leta kwa miezi tu, sasa tunahitaji. Mama alitafuta mahali pa kushtaki. Haya ni maneno yake, tunayaandika jinsi aliyatamka:

«Ku shirika banasema mradi ilishafunga. Banatuambiaka: muende ku kartye. Ku kartye banasema: muende ku komine. Ku komine banasema: sisi hatukujenga, muende kwa benye balijenga. Sasa mimi niende wapi? Nirudi mu lava?»

Soma tena. Katika maneno hayo kuna siasa yote ya makao katika mji wetu. Shirika lilijenga lakini halina kiwanja. Leta ina mamlaka ya kiwanja lakini haikujenga. Na yule anayelala ndani hana kiwanja, hana karatasi, hana mahali pa kushtaki. Ana manjanja tu.

Sheria iko, si sheria inakosa

Kuna watu watasema: Kongo haina sheria juu ya mambo haya. Si kweli. Tufungue pamoja.

Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kuwa na makao ya heshima, haki ya maji safi na haki ya umeme zimehakikishwa. Kifungu cha 204 kinaweka makao ya mjini na ya kijijini mikononi mwa jimbo, pamoja na kutoa na kutunza hati za viwanja kwa kufuata sheria ya taifa. Kifungu cha 3 kinasema mji, komine, sekta na sheferi ni watu kamili mbele ya sheria, na vinajiendesha vyenyewe. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 ikaja kueleza namna ya kujiendesha, na ikasema kwamba katika pesa ya taifa inayogawiwa majimbo, hivi vyombo vya chini vina haki ya asilimia 40.

Tangu mwaka 1973 sheria ya ardhi inasema udongo wote ni mali ya leta, na raia anapewa tu haki ya kuutumia kwa hati. Hiyo hati, ile sisi wote tunaita sertifika, inatolewa na ofisi ya mtunza hati za viwanja. Komine haitoe sertifika. Komine na kartye zinatoa karatasi ndogo, fishi ya parsele na nyingine kama hizo, ambazo watu wengi wanazitunza chini ya godoro wakifikiri ziko na nguvu kama sertifika. Siku ya kesi wanajua hapana.

Na mashirika nayo yana sheria yao, ile ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2001 juu ya vyama visivyo vya faida. Inawapa uhai mbele ya leta, inawapa majukumu.

Kwa hiyo karatasi ziko. Kinachokosa ni daraja kati ya hizo karatasi. Hakuna mahali pameandikwa, kwa kila mradi, nani analeta kiwanja, nani anajenga, nani anatoa hati, nani anatengeneza paa likivuja mwaka wa tatu, na raia anamshtaki nani. Kila mradi unaanza kutoka sifuri. Kila mradi unafunga na bango lake la rangi linabaki limesimama mu majani, kama msalaba ku makaburi.

Kila mmoja anapata faida ya kunyamaza

Juu ya nini hilo daraja halijengwe? Tusidanganyane. Ni kwa sababu kila upande unapata raha yake katika hii hali.

Leta ya chini inapata raha. Shirika likijenga, komine haihitaji kuweka makao mu bajeti yake. Wakubwa wanakuja kukata utepe, wanasema «tumewajengea». Wakati huo huo kuna maofisi ambamo kila muhuri una bei, hata kwa mtu aliyeungulishwa nyumba. Na nyumba ikibomoka, wanasema «si sisi tulijenga». Heshima ni yao, lawama ni ya mwingine.

Mashirika pia yanapata raha. Kibanda cha bashi hakiulize maswali. Ukitaka kujenga nyumba ya kudumu, lazima ushughulike na kiwanja, na kiwanja Goma ni vita ndogo ndani ya vita kubwa. Kuna mwami, kuna familia, kuna mtu wa Kinshasa ambaye hajawahi kufika lakini ana hati. Na tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya lava ya 2021 ilianguka mu territoire ya Nyiragongo, mu sheferi ya Bukumu, si mu komine za mji. Mtu wa Buhene anaishi maisha ya mji lakini karatasi yake ni ya sheferi. Shirika lenye mradi wa miezi kumi na mbili linaogopa kuingia mu hiyo pori. Linachagua bashi. Mu ripoti inaandikwa: familia zimepata makao. Mfadhili anasoma, anafurahi, faili inafungwa.

Na sisi raia? Tuko na sehemu yetu. Kuna waliouza vibanda walivyopewa wakarudi kupanga. Kuna walioandikisha jina la shangazi aliye Bukavu ili wapate manjanja mara mbili. Kuna wenye nyumba wanaomdai mpangaji garanti ya miezi sita, wakati sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi tatu. Tukiwa tunapiga wakubwa kelele, tupigane na uongo wetu pia.

Lakini uzito haulingane. Mama wa Kanyaruchinya hana muhuri. Hana bajeti. Wenye muhuri na wenye bajeti ndio tunawaongelea leo.

Nani alichagua meri?

Hapa tunagusa kidonda. Komine inaweza kuwa rafiki wa kweli wa shirika la makao ikiwa komine yenyewe inaogopa wapigakura wake. Je, yetu inaogopa nani?

Kwa miaka mingi meri na burugumestre wanateuliwa kutoka juu. Tangu tarehe 6 Mei 2021, na état de siège, hata wale raia walioteuliwa waliondolewa, wakawekwa maofisa wa jeshi na polisi. Wiki mbili na siku kidogo nyuma, volkano ililipuka. Fikiria: watu wa usalama, wapya mu ofisi, wanaambiwa ghafla wagawe viwanja kwa maelfu ya familia. Mwanajeshi anafundishwa kupigana. Hakufundishwa mipango ya mji. Na akikosea, hakuna raia anayeweza kumwondoa kwa kura.

Mu mwezi wa 12 mwaka 2023, kwa mara ya kwanza chini ya hii Katiba, Wakongomani walichagua washauri wa komine, lakini mu komine chache tu za nchi nzima. Miaka kumi na saba kungoja kura ya karibu kabisa na mlango wa nyumba yetu! Kura ya rais tunapiga kila mara. Kura ya mtu anayehusika na mfereji wa avenue yetu, hapana.

Na zile asilimia 40 tulizozitaja? Uliza ofisi yoyote ya komine kama zinafika. Watakuonyesha kiti kimevunjika na karani anayenunua karatasi na pesa ya mfuko wake. Komine yenye njaa inageuka kuwa kizuizi cha barabara: kila anayepita alipe. Hatusemi hivi ili kusafisha wanaokula. Tunasema hivi ili mujue kwamba mapigano ya nyumba na mapigano ya kura za chini na ya pesa za chini ni mapigano moja.

Si ndoto, ilishafanyika

Kuna wanaosema: haiwezekani, hii ni Kongo. Tuangalie vizuri.

Bagira ya Bukavu, Ruashi ya Lubumbashi, Matete ya Kinshasa: hizo kartye zina sehemu kubwa zilizojengwa mu miaka ya 1950 na ofisi moja ya umma, OCA. Hatuimbie ukoloni sifa. Ile ofisi ilijenga miji ya watu weusi mbali na miji ya wazungu, na raia hakuulizwa kitu. Lakini angalia jambo moja la ufundi: kabla ya tofali ya kwanza, kiwanja kilikuwa kimepimwa, barabara imechorwa, mahali pa shule na soko pamewekwa, na ilijulikana nyumba ni ya nani na kwa masharti gani. Njo maana wajukuu wanakaa ndani hata leo. Tofali peke yake halidumu miaka sabini. Kinachodumu ni mpango.

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani, na ni wa juzi. Mu 2021 lava iliharibu bomba na tangi la maji la REGIDESO upande wa Buhene, na maelfu kwa maelfu ya watu wa Goma wakabaki bila maji. Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulifanya kazi pamoja na REGIDESO kurudisha bomba juu ya lava. Hakuna mtu aliyeuliza bomba ni la nani. Ni la REGIDESO. Shirika lilisaidia, chombo cha umma kikabaki mwenye kazi na mwenye lawama. Maji yakikosa leo, unajua mlango wa kupiga. Sawa vile tunataka kwa nyumba.

Na kwa wale wanaopenda mifano ya Ulaya: Ufaransa mashirika ya nyumba za kipato cha chini, yale ya HLM, mengi hayafanyi biashara ya faida. Lakini hayajengi peke yao hewani. Tangu sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2000, komine za miji zilizofikia ukubwa fulani zinalazimishwa kuwa na asilimia 20 ya nyumba hizo, na mu 2013 kwa komine nyingi ikapanda hadi 25. Komine isiyofikia inalipa faini. Mara nyingi komine inasimama mdhamini wa mkopo wa shirika, na kwa malipo yake inapata haki ya kupendekeza familia kwa sehemu ya zile nyumba. Unaona? Kila mmoja anatoa kitu, kila mmoja anapata kitu, na imeandikwa. Kule si mbinguni: kuna komine za matajiri zinazopenda kulipa faini kuliko kuona maskini jirani. Lakini hata faini inaonyesha kwamba kuna sheria inayouliza.

Jibu kwa wale wanaosema «komine itakula»

Tunajua neno litakalosemwa kwenye ofisi za mashirika: tukiingiza komine, pesa itakuliwa. Tunaelewa hofu hiyo. Sisi wenyewe tumelala cachot kwa sababu ya kulaani wanaokula. Hatuwezi kuwa walinzi wa wezi.

Lakini sikilizeni vizuri tunachoomba. Hatusemi shirika lipitishe dola zake kwenye kasa ya komine. Tunasema komine ilete kile ambacho ni komine, sheferi na jimbo tu wanaweza kuleta: kiwanja kilichopimwa, jina kwenye hati, na sahihi ya mtu ambaye tunaweza kumwita kesho. Shirika libaki na pesa yake na mahesabu yake. Wote wawili waweke mahesabu hayo mbele ya macho yetu.

Shirika linalokwepa leta kwa sababu leta ni mbovu linaifanya leta iwe mbovu zaidi. Kila mwaka raia anajifunza kwamba akiwa na shida aende kwa ONG, na komine inajifunza kwamba haiulizwe kitu. Siku mfadhili anachoka na kwenda kwenye vita vingine, tunabaki na komine isiyojua kazi na raia asiyejua kuidai. Hiyo siku iko karibu kuliko tunavyofikiri.

Wengine watasema: vita iko kilomita chache, nyinyi munaongea mambo ya hati! Ndiyo, tunaongea. Kwa sababu vita yenyewe mara nyingi inakula udongo usio na karatasi. Na kwa sababu mtu wa Rutshuru akirudi kwake kesho, swali la kwanza litakuwa hilo hilo: hii shamba, hii nyumba, ni ya nani, na nani alishuhudia?

Tunachodai

Kwa gavana wa jimbo, kwa meri, kwa burugumestre, kwa wakuu wa sheferi, na kwa mashirika yote yanayojenga, tunaweka mambo saba mezani:

1. Kiwanja kabla ya manjanja. Hakuna mradi wa nyumba ya kudumu uanze kabla mahali hapajapimwa, na kabla haijaandikwa ni kwa miaka mingapi au kwa maisha. Kama kiwanja ni cha kuazima, familia inayoingia iambiwe siku ya kwanza, kwa lugha yake, si siku ya kufukuzwa.

2. Mapatano ya watu watatu. Leta ya chini, shirika, na kamati ya wakaaji iliyochaguliwa na wakaaji wenyewe. Karatasi moja, kurasa chache, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Inasema nani anafanya nini wakati wa kujenga na nyuma ya mradi kufunga.

3. Orodha ya majina ibandikwe. Ku ofisi ya kartye, ku kanisa, ku moske. Wiki mbili za malalamiko kabla ya kugawa. Tunajua kwamba jina la mtoto wa mkubwa linaogopa ukuta.

4. Muhuri wa bure. Mtu aliyepoteza nyumba kwa volkano au vita asilipe hata franka moja kwa fishi, kwa ushuhuda wala kwa karatasi yoyote inayohusu makao aliyopewa. Mwanamke aandikwe kwa jina lake, siyo tu «bibi ya fulani». Mjane asifukuzwe na ndugu za bwana.

5. Kazi kwa mafundi wa hapa. Nyumba za mbao za Goma zilijengwa na watu wa Goma. Mafundi wa Majengo, Katoyi na Ndosho wanajua namna ya kusimamisha nyumba juu ya jiwe la lava. Ma-asbl na vyama vya mafundi vya hapa vipewe nafasi ya kujenga, siyo tu ya kubeba mbao za wengine.

6. Mahesabu ya kila mwaka hadharani. Komine iseme mbele ya wakaaji: mwaka huu mashirika haya yalijenga hapa, nyumba ngapi zimesimama, ngapi zimeanguka, ngapi zina hati. Bila hiyo, kila mwaka tutahesabu bashi mpya juu ya watu wale wale.

7. Kura na pesa za chini. État de siège iishe na wakuu wa raia warudi. Kura za komine zifanyike kila mahali. Asilimia zinazotajwa na sheria zifike kwenye komine, na matumizi yake yabandikwe ukutani.

Na sisi tunafanya nini?

Tusingoje wakubwa. Kila kikundi chetu cha kartye kifanye kazi tatu kuanzia wiki hii.

Ya kwanza: pita kwenye avenue yako, andika mabango yote ya miradi ya nyumba. Jina la mradi, mwaka, na kile kilichobaki nyuma yake. Piga picha ya bango na ya nyumba, usipige uso wa mtu bila ruhusa yake.

Ya pili: kaa na familia moja, msaidie kupanga karatasi alizonazo. Ushuhuda wa jirani, fishi ya zamani, picha ya nyumba kabla ya lava, risiti ya mbao. Ziweke mu simu, ziweke mu barua pepe, ziweke mahali pawili. Lava na moto na mvua vinakula karatasi.

Ya tatu: enda ku ofisi ya komine, kwa adabu, watu watatu au wanne, na barua. Uliza: kuna mapatano gani kati yenu na mashirika yanayojenga hapa? Tunaweza kuyasoma? Omba muhuri wa kupokea juu ya kopi yako. Wakikataa, rudi wiki inayofuata. Wakikataa tena, rudi. Maji yanayodondoka yanatoboa jiwe, na sisi tumezaliwa juu ya jiwe.

Mu mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma mpaka ikaingia ziwani. Wazazi wetu walirudi juu ya jiwe lingali na moto, wakachukua mbao, wakajenga. Hawakungoja mtu. Chukudu zilibeba mji mzima mgongoni. Mji huu ulijengwa na wakaaji wake. Leta na mashirika walikuja kuongeza. Hatuwadharau walioongeza. Tunawaambia tu: mukiongeza, ongezeni kitu ambacho mama hatafukuzwa ndani yake.

Mwaka kesho, tarehe 22 Mei, tutarudi Kanyaruchinya. Hatutauliza ni bashi ngapi ziligawiwa. Tutaomba watuonyeshe hati moja, yenye jina la yule mama aliyetuuliza kama arudi mu lava.

Goma, tarehe 22 Mei 2024.